Maswali ya Jikoni: Mbatata za Bizari kwa Wazee Wetu

Barua za toleo hili, kutoka Lamu na Malindi, zimeangukia chungu kimoja: mbatata zilizoungwa kwa bizari za Kihindi, ziwe kavu kama jira alu ya kaskazini mwa India au zenye rojo kidogo kama batata nu shak ya Wagujarati. Karibu wote mmeuliza kwa ajili ya mtu mzima aliyeko nyumbani. Tumejibu pamoja, upande wa upishi na upande wa lishe, na msimamo wetu ni mmoja: mzee aliyekatazwa chumvi na mafuta mengi hajakatazwa bizari. Anayemwekea mbatata za maji matupu anamvunja hamu ya kula, na katika umri huo mwili hupungua upesi na kurudi kwa shida. Kijiko cha chai tunachokitaja ni mililita 5, cha meza mililita 15, na kikombe mililita 250.

Asalaam aleikum. Mamangu ana miaka 76, ana presha, na daktari amempunguzia chumvi. Tangu hapo kila sahani aiona haina ladha. Zamani akipenda sana mbatata kavu za majirani zetu Wahindi. Nitampikiaje bila kumdhuru? (Binti wa Langoni, Lamu)

Waalaykum salaam, dada yetu. Mpikie, tena mpikie kitamu. Umri hupunguza nguvu ya pua, na dawa nyingi za wazee hukausha mate. Chakula kisichonukia kikiingia kinywa kikavu, mtu husema hakina chumvi. Mara nyingi anachokikosa ni harufu, na harufu twaipata kwa haradali na jira zilizopasuka ndani ya mafuta ya moto, kisha ukali wa ndimu mwishoni.

Kwa watu wanne tayarisha mbatata gramu 600 (tano za kadiri), mafuta ya kupikia vijiko 2 vya meza, haradali nusu kijiko cha chai, jira nzima kijiko 1 cha chai, mvuje kiasi cha kubana kwa ncha za vidole viwili, tangawizi mbichi iliyokunwa kijiko 1 cha meza, pilipili mbichi 1 iliyotolewa kokwa, manjano nusu kijiko cha chai, giligilani iliyosagwa vijiko 2 vya chai, tungule 1 iliyokatwa ndogo ndogo, maji robo kikombe, chumvi nusu kijiko cha chai, maji ya ndimu kijiko 1 cha meza, na fungu dogo la majani ya dania. Thomu si lazima. Wahindi wengi wasiokula vitunguu hutumia mvuje mahali pake, na kwa chakula hiki tunaona wamepatia.

Osha mbatata uzichemshe na maganda yake. Zianze katika maji baridi ili ndani na nje ziive pamoja. Ukizitia katika maji yanayotokota, ganda litapasuka kabla moyo haujaiva. Yakianza kutokota punguza moto, uhesabu dakika 18 hadi 25 kwa kadiri ya ukubwa. Kisu chembamba kiingie mpaka katikati huku ukihisi ukinzani mdogo. Mwaga maji, zitandaze kwenye sinia, ziache zipoe kabisa. Hapa ndipo wengi huharakisha. Wanga wa mbatata ukiwa moto ni laini na wanata. Ukipoa hukaza, na kipande hukatika kikawa na kingo zake. Menya, kisha kata vipande vya sentimita moja na nusu.

Sasa inakuja kazi ya kuunga, inayoitwa tadka kwa Kihindi na vaghar kwa Kigujarati. Pasha mafuta kwenye karai nzito. Tupa punje moja ya haradali: ikiruka papo hapo, mafuta yako tayari. Tia haradali zote, funika zisikurukie, na mlio ukianza kupungua tia jira. Jira haitaki zaidi ya nusu dakika. Ikigeuka rangi ya kahawia na kunukia, imetosha. Tia mvuje, kisha tangawizi na pilipili, koroga dakika moja. Tia tungule, giligilani na manjano pamoja na vijiko viwili vya meza vya yale maji, ili unga uive bila kuungua. Pika dakika 4 au 5 mpaka uone mafuta yamejitenga pembeni. Ndipo mbatata ziingie na maji yaliyobaki. Zigeuze kwa mwiko mpana kutoka chini kuja juu, usizizungushe kama ugali. Funika dakika 5 kwa moto mdogo, funua dakika 2 zikauke.

Anayepikia jiko la mkaa hawezi kupunguza moto papo kwa papo, kwa hiyo aiepue karai mara tu haradali zinapotulia, ndipo atie jira. Joto lililomo ndani ya mafuta linatosha kuivisha jira na mvuje. Airudishe jikoni wakati wa kutia tungule.

Chumvi iwe ya mwisho kabisa. Inyunyize juu pamoja na ndimu na dania, geuza mara moja, pakua. Chumvi iliyo juu ya kipande hukutana na ulimi kwanza; iliyochemshwa na mbatata huzama ndani, mama akaila bila kuionja. Nusu kijiko cha chai ni kama gramu 3, na ikigawanywa kwa watu wanne haifiki gramu 1 kwa sahani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, zikihesabiwa na zile za mkate na mchuzi wa samaki. Ndiyo sababu hatutaki kabisa unga wa mchuzi wa paketi wala vidonge vya supu katika chungu hiki: vimejaa chumvi, na ukishavitia huwezi tena kujua mama amekula kiasi gani.

Jambo la mwisho kwako. Gramu 150 za mbatata zina protini kama gramu 3 tu, na mtu mzima wa umri wa mamako ahitaji kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, ikiwa mafigo yake ni mazima. Mwenye kilo 55 atafute basi gramu 55 hadi 66. Mbatata zisikae peke yake sahanini. Mpe kipande cha samaki wa kuchoma au wa kupaka, au pojo zilizopikwa zikalainika, na mtindi pembeni.

Zangu huvurugika zikawa uji, na siku nyingine hubaki ngumu hata nikipika saa nzima. Halafu kuna uchungu nisioujua unatoka wapi. (Mama wa Barani, Malindi)

Hayo ni makosa matatu, bibi, na hayana sababu moja.

Zinazovurugika, kwa kawaida, ni Shangi: mbatata nyeupe yenye macho ya rangi ya waridi, ndiyo iliyojaa masokoni mwetu ikitoka Nyandarua, Nakuru na Meru. Ina unga mwingi na huiva upesi kuliko aina nyingine. Ichomeke kisu kuanzia dakika ya 15, na usiimenye wala kuikata kabla ya kuchemsha. Ukiona ganda limepasuka lenyewe, umeshachelewa. Siku hiyo geuza mpango, uziponde na kuzifanya mbatata laini za bizari. Sokoni ukipata zenye nyama ya manjano iliyokaza, chagua hizo kwa mapishi ya vipande.

Zinazobaki ngumu, tunadhani umezitia mbichi ndani ya rojo la tungule au ukwaju. Ukali huzuia pektini, ile gundi inayoshikanisha nyama ya mbatata, isilegee. Waweza kuongeza moto na muda, zitabaki na moyo mgumu. Kitu kikali kisikutane na mbatata mbichi. Iive kwanza kwa maji. Maji yenyewe pia yana mkono wake: maji ya kisima yenye chokaa nyingi hukaza mbatata na mboga, na kisima cha karibu na bahari huongeza chumvi usiyoihesabu. Kama mna jabia la maji ya mvua, chemshia hayo. Usitie magadi kulainisha. Magadi yana sodiamu ile ile tunayoikimbia katika chumvi.

Uchungu una asili zaidi ya moja, na ni lazima uzitofautishe. Jira ikiwa nyeusi, imeungua; mwaga mafuta hayo, futa karai, anza upya, kwa kuwa hakuna tungule wala sukari itakayouficha. Thomu iliyopita kiasi nayo ni hivyo hivyo, na manjano yaliyotiwa kwenye mafuta makavu ya moto mkali huungua kwa sekunde chache. Mbegu za uwatu zina uchungu wa asili. Robo kijiko cha chai yatosha kwa mbatata gramu 600. Lakini uchungu unaokuja na mwasho kooni ni mambo mengine. Hiyo ni mbatata iliyogeuka kijani au kuchipua sana, yenye sumu ya solanini ambayo kuchemsha hakuiondoi. Chungu chote kimwagwe, hata kama kina samli ya bei kubwa.

Babangu alipata kiharusi. Meno ya chini hana, na akila hukohoa. Anaziomba mbatata za bizari kila siku. Nizipondeponde tu? (Mtoto wa Mkomani, Lamu)

Kabla ya mapishi: kukohoa wakati wa kula baada ya kiharusi, au sauti kugeuka ya majimaji baada ya kumeza, ni dalili kwamba chakula chaweza kuwa kinateleza kuelekea mapafuni. Mpeleke akapimwe umezaji wake, daktari aseme ale chakula cha ulaini gani. Usikisie.

Ukishaambiwa, jikoni kuna ngazi mbili zinazokuhusu. Mzee anayetafuna kidogo, asiyekabwa, apewe vipande laini visivyozidi sentimita moja na nusu kila upande. Ukikibonyeza kipande kwa uma, kipondeke na kisirudi kilivyokuwa. Anayetakiwa ale kilichopondwa na chenye unyevu, chembe zisizidi milimita 4, yaani zipite katikati ya meno ya uma wa kawaida.

Kinachowasumbua wazee hawa kuliko mbatata yenyewe ni vitu vidogo. Punje za haradali na jira hujificha chini ya meno ya bandia na kuchoma fizi. Ganda la tungule na jani zima la dania hugandama kwenye kaakaa. Nyuzi za tangawizi hukwama kooni. Kwa hiyo usizitumie nzima. Njia tunayoipenda ni hii: unga haradali na jira ndani ya vijiko viwili vya mafuta kama tulivyoeleza, kisha chuja mafuta hayo kwa chujio la chai la chuma, utupe punje. Harufu yote imeshaingia mafutani. Tangawizi ikune, ikamue, utumie maji yake peke yake. Tungule imenye, uipike mpaka iwe rojo laini.

Mbatata ziponde zikiwa moto, kwa uma au kwa kuzipitisha kwenye chekeche. Mashine ya kusagia usiiguse. Visu vyake hupasua chembe za wanga, na kwa dakika moja tu utapata kitu kinachonata kama gundi, na kitu cha kunata ni hatari kwa koo la mzee huyo. Legeza kwa maziwa ya vuguvugu au mtindi, kijiko kimoja kimoja, mpaka ishike umbo bila kuachia maji pembeni. Rojo jepesi lililozunguka mabonge ni baya, maana maji hutangulia kooni huku bonge likisubiri. Jaribio la mwisho: jaza kijiko, kiinamishe. Yaanguke yote kwa pamoja, kijiko kibaki karibu kisafi.

Pilipili kali iache, kwani huleta kikohozi kwa mtu ambaye tayari koo lake halina nguvu. Mpe kwa kijiko cha chai, amekaa wima, redio na mazungumzo yamenyamaza, na abaki amekaa hivyo nusu saa baada ya kula.

Nina sukari na miaka 68, natumia vidonge. Jirani mmoja aniambia mbatata niziache moja kwa moja. Mwingine asema nikizipika na uwatu, sukari itakwisha. (Bibi wa Mambrui)

Shikamoo bibi. Hakuna kati yao aliye sahihi. Mbatata huinua sukari upesi, hilo ni kweli, lakini kiasi na kilicho pembeni yake ndivyo vinavyoamua. Kiasi chako kiwe ngumi moja, kama gramu 150 zilizopikwa. Katika mlo huo usiweke wanga wa pili: si chapati, si wali, si mahamri. Sahani za pwani hukosea hapa zaidi ya popote. Nusu ya sahani iwe mboga ya majani, robo iwe samaki, kuku au pojo, robo iliyobaki ndiyo ya mbatata.

Zichemshe jioni, zikae kwenye friji usiku kucha, uziunge kesho yake. Zikipoa, sehemu ya wanga hujipanga upya ikawa haimeng'enywi kwa urahisi, na hata ukizipasha moto sehemu ya badiliko hilo hubaki. Faida yake ni ya kiasi, kwa hiyo isikufanye uongeze kipande. Ndimu mwishoni nayo husaidia kidogo kuchelewesha sukari kupanda. Wagujarati wengi hutia sukari guru katika shak yao, wewe iache. Mwenye kipimo cha sukari nyumbani apime kabla ya mlo na saa mbili baadaye, ndipo atakapojua sahani yake yamfaa au la.

Uwatu tutautia kwa sababu ni mtamu na mbatata: kikombe kimoja cha majani mabichi yaliyokatwa, au kijiko kimoja cha meza cha majani makavu, yaingie baada ya jira na yapikwe dakika 3 uchungu ulainike. Usipoyapata, tumia mchicha. Kiasi hicho ni chakula tu. Kunywa mbegu zake kwa wingi pamoja na vidonge kwaweza kushusha sukari kupita kiasi, na kuacha vidonge kwa ajili yake ni hatari zaidi. Nawe usomaye hapa ukiwa unatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, majani ya kijani hukatazwi, ila yawe kiasi kile kile wiki baada ya wiki, na umwambie daktari wako.

Mume wangu amekatazwa potasiamu kwa ajili ya mafigo. Nimesikia mbatata zikilowekwa usiku kucha, potasiamu hutoka. (Msomaji wa Shela, Lamu)

Kuloweka peke yake hakutoi cha maana. Kinachotoa ni kuzimenya, kuzikata vipande vidogo, kuzichemsha katika maji mengi, na kuyamwaga maji yale. Vipande vya kawaida vikichemshwa hivyo hupoteza kama nusu ya potasiamu. Zikikunwa hupoteza zaidi. Kwa hiyo kwa mumeo sahau maganda na sahau ule mpango wa kuchemsha nzima tuliompa dada wa Langoni, kwa sababu ganda huzuia potasiamu isitoke. Kata sentimita moja, tia mbatata gramu 300 katika maji lita 2, chemsha mpaka zilainike, mwaga, suuza, ndipo uunge. Maji hayo yasiwe supu.

Tungule na tui pia vina potasiamu, viache. Ukali upate kwa ndimu kidogo. Na kuna jambo tunalisisitiza: ile chumvi inayouzwa kuwa na sodiamu pungufu mara nyingi imejazwa kloridi ya potasiamu. Kwa mwenye presha peke yake yaweza kumfaa. Kwa mgonjwa wa mafigo yaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Soma karatasi ya nyuma kabla ya kununua. Kiasi cha mbatata kwa wiki, aseme anayemtibu.

Mamangu amezoea viazi karai vya jioni. Tumemkataza mafuta na sasa amenuna. (Kijana wa Maweni, Malindi)

Ana haki ya kununa. Anachokitaka ni ukavu wa nje na ladha ya unga ulioiva, na vyote viwili vinapatikana bila karai la mafuta tele. Chukua unga wa dengu vijiko 3 vya meza, ukaange bila mafuta kwa moto mdogo dakika 5, ukikoroga bila kuacha, mpaka unukie kama njugu na rangi igeuke kidogo. Ukiunukia ungali mbichi, endelea. Unga wa dengu usioiva una ladha ya udongo na huleta gesi tumboni. Changanya nao manjano robo kijiko cha chai, jira iliyosagwa nusu kijiko, na pilipili manga kidogo.

Katika kikaango kizito pasha mafuta kijiko kimoja na nusu cha meza, tandaza vipande vya mbatata gramu 400 zilizochemshwa, zilizopoa na kukauka, safu moja tu. Usiviguse dakika 4. Mbatata zenye unyevu, au zilizorundikwa, hutoa mvuke na kugandama chini badala ya kukauka, na hapo mtu huongeza mafuta akidhani ndiyo dawa. Geuza, dakika 3 nyingine, nyunyiza unga ule, geuza dakika 2, epua, tia ndimu na chumvi robo kijiko cha chai. Kwa chatini, ukwaju uliokamuliwa na dania utoshe, bila sukari. Sahani hii yatosha watu watatu, mafuta yakiwa nusu kijiko cha meza kwa kila mmoja.

Chumvi ya bahari ya huku kwetu Gongoni si afadhali kwa presha kuliko ya paketi? Na tui je? (Msomaji wa Ngomeni)

Chumvi ni chumvi. Sodiamu yake ni ile ile, na ile ghafi ya mawe huenda isiwe na madini ya joto yanayotiwa katika ya dukani. Tui twalipenda kama mpendavyo, ila mafuta yake mengi ni yale mazito kwa moyo. Tumia nusu kikombe cha tui la pili kwa mbatata gramu 600, na mara hiyo punguza mafuta ya kuungia yawe kijiko kimoja cha meza. Lisichemke kwa nguvu, litakatika.

Kisiwani mbatata hutufikia zimechoka, na ndani ya wiki moja zaota. Bizari nazo huganda. (Mama wa Matondoni, Lamu)

Shangi huchipua mapema kwa asili yake, na safari ya lori mpaka Mokowe kisha mashua haiipumzishi. Nunua za siku nne au tano tu. Ziweke gizani, kwenye kikapu kinachopitisha hewa, chumba cha chini kisichopigwa na jua. Mfuko wa plastiki huzifanya zitoe jasho na kuoza. Vitunguu viwe mbali nazo. Chipukizi dogo lichimbue kwa kisu pamoja na mzizi wake, mbatata iliyo ngumu bado ni nzuri. Iliyonywea, au yenye kijani kilichoingia ndani, itupe.

Bizari nunua nzima, kidogo kidogo, uikaange kavu kidogo na kuitwanga kwenye kinu, ya kutosha wiki mbili tu. Chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, mbali na jiko, na kijiko kikavu. Usimimine bizari kutoka chupani juu ya chungu kinachofuka; mvuke huo ndio unaoigandisha. Manjano tafuta ya vijiti vikavu utwange mwenyewe. Ya unga yenye rangi kali isiyo ya kawaida tuna shaka nayo, kwa kuwa nchini Bangladesh iligunduliwa ikiongezwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Nina miaka 81, naishi peke yangu, vidole vyaniuma na mkono watetemeka. Nipe njia ya mtu mmoja. (Mzee wa Muyeye, Malindi)

Shikamoo mzee wetu. Kwanza tuondoe kisu na mafuta ya moto, ambavyo ndivyo hatari kwa mkono unaotetemeka.

Mara moja kwa wiki, siku ambayo mjukuu au jirani yuko, akutengenezee chupa ya mafuta ya bizari: mafuta vijiko 6 vya meza, haradali kijiko kimoja na nusu cha chai, jira kijiko 1 cha meza, manjano nusu kijiko cha chai mwishoni baada ya kuepua. Yakipoa, yaingie chupani na kwenye friji. Thomu mbichi wala tangawizi mbichi zisiwemo, kwa maana ndani ya mafuta zaweza kuotesha sumu ya botulini bila harufu yoyote. Tangawizi iwe ya unga.

Siku ya kupika, chagua mbatata ndogo mbili au tatu, jumla gramu 150. Zichemshe na maganda katika sufuria yenye mikono miwili, maji yafike nusu tu ili isiwe nzito. Usiibebe kumwaga maji: zima jiko, uzitoe moja moja kwa upawa wenye matundu. Zikipoa, ganda litatoka kwa kusuguliwa na kitambaa, bila kisu. Zikatekate kwa ubavu wa kijiko ndani ya sahani. Rudisha kwenye sufuria kavu na kijiko 1 cha meza cha yale mafuta, vijiko 2 vya maji na tangawizi ya unga kiasi cha kubana, dakika 4 kwa moto mdogo. Chumvi kiasi cha kubana kwa vidole vitatu, ndimu ikamuliwe kwa kibanio. Vunja yai la kuchemsha juu yake, au weka mtindi nusu kikombe, upate protini.

Ukizipika za mara mbili, sehemu ya pili iingie friji ndani ya saa moja, maana joto la Malindi haliruhusu zaidi, na uipashe kesho yake mpaka itoe mvuke katikati. Umeme ukikatika usiku kucha, usiile.